Upepo wa kasi gani huzuia ndege kutua?

Swali: Safari yangu iliahirishwa kwa sababu ya upepo, lakini nikiwa palepale uwanjani niliona ndege nyingine zikitua. Je, kuna kasi ya upepo ambayo ikifikiwa ndege hairuhusiwi kuruka wala kutua?

Jibu: Kasi moja kwa ndege zote haipo. Sisi marubani tukipewa taarifa ya upepo, tunaangalia kwanza unatokea upande gani.

Upepo wa mbele ni rafiki. Ndege inayohitaji noti 140 ili kuinuka, ikikabili upepo wa noti 30, itakuwa inakimbia ardhini kwa noti 110 tu (noti 1 ni kilomita 1.852 kwa saa). Upepo wa nyuma hufanya kinyume: hula urefu wa njia ya kurukia na kuzipa breki kazi kubwa. Kwa hiyo ndege nyingi za abiria huishia noti 10 za upepo wa nyuma, baadhi 15.

Utata uko kwenye upepo wa ubavuni. Hapo hatuhesabu upepo wote, bali ile sehemu inayoikata njia. Upepo ukija kwa pembe ya nyuzi 30, nusu ya kasi yake ndiyo inayosukuma ubavu. Kwa nyuzi 90, yote.

Tarehe 1 Machi 2008, Airbus A320 ilijaribu kutua Hamburg, Ujerumani, kwenye njia namba 23, yaani inayoelekea nyuzi 230 za dira. Upepo ulitoka nyuzi 300 kwa noti 33, ukipiga kwa mikupuo hadi 47. Tofauti ni nyuzi 70, kwa hiyo ubavuni zilifika kama noti 31, na 44 kwenye mikupuo. Ncha ya bawa la kushoto iligusa lami. Marubani wakapaa tena, wakaja kutua salama kwenye njia namba 33. Upepo ulikuwa uleule, ila sasa pembe ilikuwa nyuzi 30, na sehemu ya ubavuni ilishuka karibu nusu.

Wachunguzi waligundua jambo ambalo hadi leo nalihimiza kwa kila rubani kijana: wengi hawakuelewa vizuri maana ya namba ya upepo wa ubavuni iliyoandikwa kwenye kitabu cha ndege. Kwa A320 ile ilikuwa noti 33, mikupuo hadi 38. Hicho ni kiwango ambacho marubani wa majaribio walitua nacho, na si lazima kiwe mwisho wa uwezo wa ndege. Lakini pia si ruhusa ya kwenda mpaka hapo. Ndipo kampuni huweka mipaka yake yenyewe, ambayo hushuka zaidi njia ikiwa na maji au barafu, maana magurudumu hayashiki. Kampuni nyingi pia humwekea rubani msaidizi kiwango cha chini kuliko cha nahodha.

Kwa hiyo ndege ulizoziona zikitua huenda zilikuwa za aina nyingine au za kampuni yenye kanuni nyingine. Au zilitua dakika kumi kabla ya upepo kugeuka. Nyuzi 20 tu za kugeuka zinaweza kubadilisha hesabu yote. Na hata namba zikiruhusu, nahodha akiona upepo unabadilika ghafla karibu na ardhi, ana haki ya kusubiri, na mimi ningesubiri.