Maswali Yenu: Nani Hulipa, Nani Husubiri

Swali: Kila tukibishana kuhusu afya, mwenzangu hutaja foleni za Uingereza kuwa ushahidi kwamba serikali haifai kubeba matibabu ya watu. Mimi humtajia bili za Marekani. Hatusogei. Nani mwenye hoja?

Jibu: Mwamba ngoma huvutia kwake. Kila mmoja wenu ameshika mfano unaomfaa, na mifano yenyewe haipingani kama mnavyodhani. Tenganisheni kwanza maswali matatu: fedha zinatoka wapi, hospitali ni ya nani, na nani ana mamlaka ya kumwambia mgonjwa “subiri” au “hapana”.

Uingereza, tangu 5 Julai 1948 chini ya Waziri wa Afya Aneurin Bevan, matibabu hulipiwa kwa kodi na hospitali nyingi ni za umma. Kanada nako kodi ndiyo inayolipa, ila madaktari wengi wamejiajiri na hupeleka ankara zao kwa serikali ya jimbo. Ujerumani, kuanzia sheria ya Kansela Bismarck ya 1883, hutumia mifuko ya bima: mchango wa msingi ni asilimia 14.6 ya mshahara, nusu kwa mwajiri na nusu kwa mfanyakazi, na kila mfuko huongeza kidogo juu yake. Uswisi, tangu 1996, kila mkazi analazimika kununua bima kwenye kampuni anayoitaka. Zote nne hizi hukinga karibu kila mtu dhidi ya gharama za matibabu, na kila moja ina njia yake.

Marekani nayo si soko huria. Kwa sheria ya 1965 serikali huwalipia wazee wa miaka 65 na kuendelea, pamoja na maskini wengi. Maveterani wa jeshi wana hospitali ambazo serikali inazimiliki na madaktari wake ni waajiriwa wa serikali, mfumo wa kijamaa kuliko hata ule wa Ujerumani. Sheria ya 1986 inazilazimisha hospitali zenye kitengo cha dharura na zinazopokea fedha za mpango wa wazee kumpima kila anayefika na kumtuliza hali yake. Haizikatazi kumtumia bili baadaye. Hapo ndipo watu wanapoumia: anapokewa mlangoni, anafilisika nyumbani.

Sasa foleni. Wakosoaji wa serikali ya ustawi, yaani ile inayobeba huduma kama matibabu, wana hoja nzito hapa, na tusiikwepe. Bei ikiwa sifuri kwa mgonjwa na bajeti ikiwa imefungwa tangu mwanzo wa mwaka, kinachobaki cha kupunguza msongamano ni muda. Lengo la England, sehemu kubwa ya Uingereza, ni asilimia 92 ya wagonjwa wa rufaa waanze matibabu ndani ya wiki 18. Tangu 2016 halijafikiwa, na mwaka 2022 orodha ya kusubiri ilipita milioni 7.

Angalieni kitanda kimoja. Bibi wa miaka 85 amepona nimonia na daktari ameshamruhusu, lakini hakuna wa kumhudumia nyumbani kwake, kwa hiyo anabaki wodini. Mgonjwa wa dharura aliyepaswa kulazwa pale anabaki kwenye machela. Gari la wagonjwa haliwezi kushusha, linasimama nje. Asubuhi, aliyepangiwa upasuaji wa nyonga anapigiwa simu kuambiwa hakuna kitanda, arudi orodhani. Foleni yote imeanzia kwenye mlango wa kutokea.

Lakini mwenzako anakosea anapodai kinga ya wote ndiyo inayoleta hali hiyo. Ujerumani ina karibu vitanda 8 kwa kila watu 1,000. Uingereza havifiki 3. Wajerumani nao wamekingwa wote, na foleni zao za upasuaji ni fupi zaidi. Wanalipia nafasi hiyo kwa sehemu kubwa zaidi ya pato la taifa, na wana vitanda vingine visivyohitajika kabisa. Huo ndio uchaguzi halisi.

Swali: Je, ni kweli kwamba huduma ya bure huwafanya watu waende hospitali ovyo?

Jibu: Huongeza matumizi, hilo limepimwa. Kati ya 1974 na 1982 taasisi ya utafiti ya RAND nchini Marekani iligawa familia kwa bahati nasibu: nyingine zikatibiwa bure, nyingine zikajilipia sehemu ya gharama, hadi asilimia 95, kwa kikomo cha mwaka. Waliotibiwa bure walitumia takriban asilimia 45 zaidi ya hao wa asilimia 95, na kwa wastani afya zao hazikuwa bora zaidi. Wakosoaji huishia hapo. Tuendelee: maskini wenye shinikizo la damu walidhibitiwa vizuri zaidi walipotibiwa bure. Na waliolipa walipunguza huduma za lazima sawasawa na zisizo za lazima, kwa sababu mgonjwa hajui maumivu ya kifua yapi ni gesi na yapi ni moyo.

Kwa hiyo ada ndogo inafaa ikiwa na kikomo na msamaha. Uswisi, mtu mzima huchagua kujilipia faranga 300 hadi 2,500 za mwanzo kila mwaka, kisha asilimia 10 ya gharama inayobaki, isiyozidi faranga 700. Japani hutoza wengi asilimia 30, lakini kuna kikomo cha mwezi kulingana na kipato. Ada isiyo na kikomo humwadhibu mwenye kisukari kwa kuwa na kisukari.

Anayekutajia Singapore kuwa mfano wa watu kujilipia wenyewe, mwambie ukweli wote. Akiba ya lazima ya matibabu ipo tangu 1984, ndiyo, lakini sehemu kubwa ya vitanda ni ya hospitali za umma na serikali huvitilia ruzuku.

Swali: Nikilinganisha nchi, niangalie namba gani?

Jibu: Umri wa kuishi peke yake haufai, Marekani hushushwa na risasi, ajali za barabarani na dawa za kulevya, mambo ambayo hospitali haiwezi kuyamaliza.

Jihadharini pia na “walioishi miaka mitano baada ya kugundulika saratani”. Wagonjwa wawili wamekufa siku moja wakiwa na miaka 70. Wa kwanza aligundulika akiwa na 60, wa pili 67. Kwenye takwimu wa kwanza ni ushindi, wa pili ni hasara. Nchi inayopima mapema hupendeza hata kama haijaongeza siku moja ya uhai.

Tazameni vifo ambavyo tiba ya wakati ingevizuia, siku za kusubiri upasuaji wa nyonga na wa mtoto wa jicho, na sehemu ya gharama inayotoka mfukoni mwa mgonjwa. Ziwekeni pamoja na asilimia ya pato la taifa inayotumika, na zote ziwe za mwaka mmoja.