"Iko tayari" si taarifa ya kazi

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: amekabidhiwa timu ya watengeneza programu walioko San Francisco, London na Pune ya India, anauliza atumie programu gani kuwaunganisha. Ndugu yangu, zamani ningekutajia tano. Leo nakusimulia yaliyonikuta.

Kikao chetu kilikuwa saa tatu asubuhi ya San Francisco: London saa kumi na moja jioni, Pune saa nne na nusu usiku. Saa hizo nilizipiga hesabu mwenyewe, nikazibandika juu ya ukurasa wa timu, nikajiona fundi. Ikafika Jumapili ya pili ya Machi. Marekani wakasogeza saa zao mbele kwa saa moja, kama wafanyavyo kila mwaka. Uingereza husubiri Jumapili ya mwisho ya mwezi, India hawasogezi kabisa. Wa London waliiamini kalenda, iliyojirekebisha yenyewe. Kijana wetu wa Pune aliniamini mimi. Jumatatu kikao kwake kilianza saa tatu na nusu, yeye akaingia saa nne na nusu, akakuta tunaagana. Nikamsema mbele ya wenzake. Hakujibu, alizima tu kamera.

Tangu hapo akapunguza maneno. Alhamisi akaniachia meseji: "Iko tayari." Nikaelewa imeshajaribiwa, kumbe alimaanisha amemaliza kuandika msimbo, yaani maagizo ya programu, sasa wa London waijaribu. Nikaiachia kwa wateja, nikalala. Kuamka, simu ina meseji 43. Wateja walikuwa wanakatwa malipo mara mbili. Kikao cha dharura kikaitwa, lawama zote zikanishukia mimi, na hadi leo nikikumbuka kikao kile masikio yanawaka. Aliyepitisha msimbo ule bila kuusoma hakutajwa hata kidogo. Tuyaache.

Kwa hiyo sikiliza. Saa usizipige hesabu kwa kichwa, kalenda ipo. Kila anayefunga kazi aache maandishi: kipi kimeisha, kipi kimejaribiwa na wapi, nani anapokea, wapi pamemshinda. Aandike kama vile msomaji hana wa kumuuliza, maana kweli hana, mwenzake kalala. Git, programu ya kutunza kumbukumbu za mabadiliko ya msimbo, ilitengenezwa mwaka 2005 kwa ajili ya Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, kazi ya watu waliotawanyika duniani, lakini hata yenyewe inakuonyesha mstari uliobadilika tu. Sababu lazima mtu aiandike. Andikeni, jamani! Viongozi wengi tunang'ang'ania vikao kwa uvivu wa kuandika.

Yule kijana nilimwomba radhi mbele ya wale wale, ingawa ilinichukua mwezi mzima. Siku hizi taarifa zake zina aya tatu, na mwisho huniwekea saa ya Pune kwa herufi kubwa.