Fangasi wa ubongo: niliyojifunza nikimuuguza mdogo wangu

Mdogo wangu alianza na kichwa tu, wiki mbili tunampa panadol, malaria tukapima hamna, alivyoanza kuona vitu viwili viwili ndo tukakimbilia hospitali. CD4, wale askari wa kinga wanaomalizwa na virusi vya UKIMWI, zilikuwa chini kabisa, wakatoa maji ya uti wa mgongo wakakuta kriptokokasi, ndo huyo fangasi.

Hapo kwenye kutoa maji ndo palikuwa na kesi. Shangazi akagoma, eti wakimchoma mgongoni atapooza. Nikasaini mimi. Jamani msikatae ile sindano! Fangasi anaziba njia ya maji, presha inapanda kichwani na dawa haiwezi kuishusha siku hiyohiyo, wakayapunguza na jioni mgonjwa akaomba uji. Walirudia tena mara kadhaa.

Sasa dawa. Nilimuuliza dokta kwa nini dawa tatu kwa mpigo, akasema seli za mishipa ya damu ya ubongo zimebanana kama ukuta, si kila dawa inapita. Flukonazo ni ndogo, inapenya vizuri sana ila inamdumaza fangasi tu, kumuua haraka haiwezi. Amfoterisini ndo muuaji wenyewe lakini ni dude kubwa, kwenye yale maji inafika kiduchu. Zamani walikuwa wanaining'iniza siku nyingi, figo zinaumia na potasiamu inashuka, sa hivi kuna ile iliyofungwa kwenye vitone vya mafuta, unapewa dripu moja kubwa siku ya kwanza, miligramu 10 kwa kila kilo, ikishazama kwenye tishu inakaa. Shirika la Afya Duniani ndo linashauri hivyo tangu 2022, baada ya utafiti uliofanyika Uganda, Malawi na nchi nyingine tatu za huku kwetu.

Ya tatu ni flusitosini, nayo inapenya vizuri, ila inatoka haraka na mkojo ndo maana ni kila masaa sita kwa siku 14. Manesi wako wachache, usiwaachie peke yao, mi niliweka alamu mpaka ya saa sita usiku.

ARV kama hajaanza wanasubiri wiki 4 mpaka 6, msimlazimishe dokta, kinga ikiamka ghafla ubongo unavimba. Na flukonazo haiishii wodini, miligramu 1200 kwa siku wiki mbili, 800 kwa siku wiki nane, halafu 200 kila siku mpaka dokta mwenyewe aseme basi. Wangu bado anameza, analalamika midomo inakauka, nampaka mafuta maisha yanaendelea.