Kabla hujajibu Y: kwa mnaoanza kukloni diski

Mmeanza tena. Diski mbili ziko mezani, keisi ya USB imechomekwa, Clonezilla (programu ya kukloni, yaani kunakili diski nzima kwenda nyingine) iko kwenye skrini, na hakuna aliyesoma lebo hata moja. Haya, wadogo zangu, sogeeni.

1. Jua ipi ni ipi. Diski zote mbili zikiwa za 500GB, unachokiona ni sda na sdb, majina ya muda ambayo Linux huzipa, na hayo si majina ya diski. Herufi hugawiwa kwa mpangilio wa kugunduliwa, kwa hiyo iliyokuwa sdb jana, leo baada ya kuwasha upya inaweza kuwa sda. Mtu anakariri ya jana, anachagua, anajibu Y (ndiyo, endelea), kisha Y tena, kama anayeitikia salamu. Kwenye dd, amri ya Linux ya kunakili diski, ni balaa zaidi: if ni chanzo, of ni lengwa, na haikuulizi chochote. Ukizigeuza, jedwali la patisheni (orodha ya sehemu ambazo diski imegawanywa) ndilo linalotangulia kufutika kwa sababu limekaa mwanzoni kabisa mwa diski. Ukishtuka na kuchomoa waya baada ya sekunde tano, limeshakwenda. Usiposhtuka, hakuna kengele itakayolia. Kazi inaendelea vizuri tu mpaka mwisho, na mashine inakuambia imemaliza salama. Haidanganyi: sasa una diski mbili tupu zinazofanana.

Dawa ni dakika mbili. Bandika kipande cha tepu kwenye kila diski, andika CHANZO au LENGWA pamoja na tarakimu nne za mwisho za namba ya seriali. Kisha:

lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL

Linganisha na tepu. Baadhi ya keisi za USB huonyesha seriali ya keisi badala ya diski. Hapo chomoa lengwa, endesha amri, chomeka, endesha tena. Iliyoongezeka ndiyo lengwa. Ukiwasha upya, rudia yote, hata kama unaona uvivu.

2. Pima afya ya chanzo kwa amri ya smartctl -a. Current_Pending_Sector (idadi ya sekta, vipande vidogo vya diski, zinazoshindwa kusomeka) ikizidi sifuri, achana na Clonezilla, tumia ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, yenye faili la ramani linalokumbuka ilipofikia. Na tafadhali, msikimbilie chkdsk, kifaa cha Windows cha kukagua na kurekebisha diski: diski inayokufa haifanyishwi mazoezi.

3. Windows izimwe kikweli. powercfg /h off, kisha shutdown. Fast Startup (uwashaji wa haraka wa Windows) huacha NTFS, mfumo wa faili wa Windows, nusu imelala, na Clonezilla itaikataa.

4. BitLocker (ufungaji wa diski kwa siri wa Windows): kama imewashwa, uwe na ufunguo wa kurejesha wa tarakimu 48 nje ya mashine hiyo.

5. Ukubwa. Diski mbili za "500GB" hazina lazima ya kuwa na sekta sawa. Lengwa ikipungua kidogo tu, Clonezilla inagoma. Punguza patisheni kwanza, halafu uchague -icds (isikague ukubwa wa lengwa) na -k1 (igawe patisheni kwa uwiano wa lengwa). Porti nayo muiangalie: kwa USB 2.0, 500GB nzima ni saa nne hivi, na laptopu bila chaja haifiki. Kuna pia keisi zinazoonyesha sekta za baiti 4096 wakati diski yenyewe hutoa 512. Ukikloni humo halafu ukaifunga diski ndani ya mashine, haibuti, na utailaumu bure.

6. Kazi ikiisha, chomoa diski ya zamani kabla ya kuwasha mara ya kwanza. Vitambulisho vya diski ni vilevile, kwa hiyo Windows ikiziona zote mbili huiweka moja offline (haitumiki), na Linux inaweza kubuti ya zamani huku wewe ukishangilia mpya.