Mtungi unaoisha kimyakimya: barua kwa mwanangu aliye Lamu

Malindi

Mwanangu,

Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo, ni joto tu. Babako anakusalimu na anauliza halua yake.

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema ule mtungi wa kilo 5 wa kaboni dayoksaidi, gesi ya kutia viputo kwenye kinywaji, uliouvusha kutoka Mokowe umekwisha kabla hujamaliza kegi, lile pipa la chuma, ya pili ya kinywaji cha tangawizi. Maungio yote umeyapaka povu, hukuona kitu, na mshale wa geji ya presha ulisimama palepale hadi siku ulipolala chini ghafla. Unauliza gesi imepitia wapi, au uliuziwa nusu mtungi.

Mwenye duka msamehe kwanza, angalau mpaka upime. Geji ya upande wa mtungi haikwambii gesi iliyobaki. Kaboni dayoksaidi imeshindiliwa mle ndani hadi ikawa maji, na maadamu maji hayo yapo, presha haiteremki. Kwenye nyuzi 20 ni kama bar 57, mtungi uwe umejaa au umebaki nusu. Maji yakisha ndipo mshale unaanguka, na hapo imebaki sehemu ndogo tu. Tena ukiutia mtungi kwenye friji, mshale utashuka hadi karibu bar 39 bila hata chembe kuvuja, na nimeona watu wakifungua maungio mazima kwa sababu hiyo. Msemakweli ni mizani. Begani mwa mtungi pamepigwa chapa uzito wake ukiwa mtupu. Utundike kwenye mizani ya wauza samaki, utoe uzito ule, kinachobaki ndicho ulichonunua. Fanya hivyo palepale unapoupokea.

Sasa hesabu. Kegi ya lita 19, kuitia gesi na kuisukuma hadi gilasi ya mwisho, inakula kama gramu 200 hadi 300. Kilo 5 zingekufikisha kegi 15 bila wasiwasi. Kwa hiyo hata kama ulipunjwa, pana mahali panapovuja.

Usianze na sabuni. Anza kwa kugawa. Chomoa paipu kwenye kegi, fungua vali ya mtungi presha ijae, kisha uifunge na uache usiku mzima. Mishale ikiwa imeanguka asubuhi, tatizo liko kati ya vali na ncha ya paipu. Ikiwa imesimama, geukia kegi. Ila usipime kegi yenye tangawizi mpya: kinywaji kibichi kinafyonza gesi siku kadhaa, presha inashuka, nawe utadhani inavuja. Tumia kegi tupu.

Upande wa mtungi, mkosaji wa kawaida ni ile washa ndogo, pete bapa ya kuziba, kati ya vali na regyuleta, kifaa kinachopunguza presha ya mtungi. Hapo gesi inazuiwa na washa, wala si na nyuzi za skrubu, kwa hiyo fundi wa mabomba akija na tepu yake nyeupe mkatalie kwa heshima. Washa iliyochoka ina mfereji mwembamba unaouona ukiinamisha kwenye mwanga. Kisha tazama paipu pale inapobanwa na klipu. Mpira ukikauka, klipu inabana hewa. Kuna na shina la vali yenyewe, ambalo huweza kuvuja vali ikiwa wazi tu. Jaribio la usiku halitalishika hilo, basi lipake sabuni vali ikiwa wazi.

Kwenye kegi ndiko kwenye ujanja. Kegi hizi zilitengenezwa kwa ajili ya soda. Wapika bia wa nyumbani huko Marekani walizirithi kampuni zilipohamia sharubati ya mifuko, ndiyo maana zako zimefika zikiwa zimetumika miaka na oringi, zile pete za mpira za kuziba, zimezeeka. Vile vichwa viwili vya juu, unapochomeka paipu, vina oringi za nje na za ndani. Ya nje inafanya kazi paipu ikiwa imechomekwa tu. Ukichomoa ili upime, uvujaji unapotea, ukichomeka unarudi, nawe unabaki kuwalaumu majini. Ya ndani, chini ya kichwa, inavuja wakati wote. Mfuniko nao haukai sawa kwa presha ndogo: upe bar 2 kwanza ujibane, ndipo ushushe. Kisha pindua kegi tupu yenye presha, kichwa chini, ndani ya karai la maji, utazame.

Na sabuni yako, nadhani uliipaka ikiwa tayari ni povu tupu. Utaona kiputo gani katikati ya viputo? Changanya na maji bila kutikisa, ipake kwa brashi, shika tochi, ngoja dakika 5. Uvujaji wa polepole haupulizi. Unaota utando mweupe kama ukoko wa maziwa, kidogo kidogo.

Jambo moja halina mjadala. Umeniambia mtungi uko kwenye ile stoo ya chini ya ngazi, isiyo na dirisha. Utoe leo. Gesi hii haina harufu kama ya kupikia, ni nzito kuliko hewa na inatuama chini. Kilo 5 zikitoka zote ni zaidi ya lita 2,500. Katika chumba kidogo kama hicho mtu anaweza kuzimia kabla hajajua kinachompata. Uweke uani, wima, umefungwa kamba ukutani, mbali na jua. Na watoto wasilale karibu nao.

Oringi na washa nimezifunga kwenye bahasha, pamoja na grisi ya silikoni isiyodhuru chakula. Usipake mafuta ya mgando, yanaweza kuharibu mpira. Nitampa kondakta wa basi la kesho asubuhi, mpokee Mokowe. Grisi ni ya jirani, irudishe na halua ya babako.

Mamako