Tuliuza ploti ya Kitengela tukaenda kuangalia jua la saa sita usiku

Mhariri, salaam aleikum. Swali lenu la wiki hii, kwamba safari ya meli ya kifahari baharini, ile ambayo karibu kila kitu kimo ndani ya bei, ina thamani ya pesa yake au la, nimelisomea dukani nikacheka peke yangu mpaka mteja akadhani namcheka yeye. Manake hilo swali nimeshaulizwa na mashemeji wote, na mama mkwe, na hata yule kijana wa mkokoteni anayetuletea marobota, tangu mimi na Baba Salma tuuze ploti yetu ya hamsini kwa mia huko Kitengela tukapanda meli Norwe. Nairobi hii si mnaijua, kila kitu kinapimwa kwa ploti. Ukinunua gari unaambiwa hiyo ni ploti, ukisomesha mtoto nje ni ploti mbili, sasa sisi tuliichukua ploti yenyewe tukaitia baharini.

Jibu langu ni hili, kwa hesabu ya kalamu haina thamani, na kesho nikipata pesa naenda tena. Najua haya mawili yanapigana, ngoja nieleze.

Nianze na hesabu kwa sababu mimi ni mtu wa duka. Meli yetu ilikuwa ya abiria kama 900, watu wazima tupu, hakuna watoto, hakuna kasino, kila chumba na baraza yake ya kukaa kuangalia maji. Usiku 14, unapandia Bergen, unafuata pwani ya Norwe mpaka juu kabisa Honningsvåg, halafu unashuka kwa visiwa vya Shetland na Orkney na mji wa Edinburgh huko Uskoti, unateremkia London. Bei ilikuwa dola 6,800 kwa mtu, na dola ilikuwa kama shilingi 129, yaani laki nane na elfu sabini na saba kwa kichwa, kabla hujanunua tiketi ya ndege. Ndani ya hiyo bei kuna chakula cha mikahawa yote ya melini, divai na bia wakati wa chakula cha mchana na cha usiku, intaneti, bakshishi, ziara moja ya bure kila bandari, na vyumba vya mashine za kufulia ambavyo hulipi hata senti, na humo mashineni ndimo nilimokutana na wanawake wa Marekani wenye pesa zao wanakunja soksi kama mimi.

Sasa kuna zile meli kubwa kubwa, mfano ile Icon of the Seas inaweza kubeba mpaka abiria 7,600, huo si ni mtaa mzima umeelea. Hizo tangazo lake huwa rahisi, kisha ukiingia ndani ndio unaanza kutoa. Ejenti alinipa bei ya meli ya namna hiyo, bahari hiyo hiyo na siku hizo hizo, dola 2,400. Nikachukua karatasi ya robota nikaandika: bakshishi dola 18 kila siku, inakuja 252. Intaneti 20 kila siku, 280. Ziara nane za dola 100 hivi, 800. Soda na kahawa ya maana na maji ya chupa tuseme 12 kila siku, 168. Jumla 3,900. Kwa hiyo mtu akikwambia panda ile ya kila-kitu-ndani ndio utaokoa pesa, mwambie alete kalamu, mimi nimepiga na tofauti bado ni dola 2,900 kwa kila mtu. Anayekunywa pombe kutwa pengo lake ni dogo zaidi, lakini halizibiki lote.

Na sisi hatunywi. Hapo ndipo paliniuma kidogo, manake kampuni inapiga wastani tu, mnywaji na asiyekunywa wanalipa sawa, na kila chupa iliyofunguliwa meza ya jirani nilikuwa najiambia hiyo mimi nimechangia. Ni kama kutoa mchango mzima wa harusi halafu ukaenda ukala ndizi. Tulikula samaki na mboga siku zote 14, wapishi tulishawaambia mapema na hawakutusumbua, samaki wa kule wabichi kweli kweli, wana mafuta, lakini pilipili nilibeba yangu.

Haya, kama si rahisi na divai sinywi, nilinunua nini?

Mimi nina miaka 26 Eastleigh nauza vitambaa. Nikifungua mlango asubuhi neno la kwanza ni bei, nikifunga la mwisho ni bei, nikiwa nyumbani South C simu inalia mtu anauliza ile leso ya jana haishuki? Sijawahi kukaa siku mbili tangu niolewe bila kuhesabu noti. Sasa kwenye ile meli tivii ya chumbani ina sehemu unafungua unaona deni lako, kila usiku kabla sijalala nilikuwa naifungua kama mtu anavyoangalia salio la M-Pesa, naona sifuri. Naizima. Nalala, naamka saa tisa naiwasha tena. Sifuri. Baba Salma akawa ananiambia, Mama Salma, hawa watu hawaibi, lala. Nadhani ilikuwa siku ya tano au ya sita nikasahau kuiangalia, na nilipokumbuka asubuhi yake nilishtuka kama mtu aliyeacha jiko linawaka. Ndicho nilichonunua, mhariri, na sijui huko kwenye bei za watu kinaandikwaje.

Halafu hilo neno "karibu" kwenye "karibu kila kitu" mlisome vizuri. Tukitoka Honningsvåg kushuka Shetland bahari ilichafuka, Baba Salma akatapika mpaka akaanza kuniachia wasia, nikampeleka kwa daktari wa meli, sindano moja na maneno mawili, dola 160. Usiku huo tivii haikuwa sifuri. Daktari hayumo, ziara nzuri nzuri hazimo (ya bure mara nyingi ni basi linazunguka na mtu wa maikrofoni), na anayekwenda peke yake anaweza kutozwa karibu mara mbili kwa sababu chumba kinahesabiwa cha watu wawili, ndio maana rafiki yangu mjane aliyetaka kuja nasi aliishia kwenda Malindi.

Lakini gharama kubwa ambayo tangazo haliijui ni hii pasipoti yetu. Zile bei zimepangwa kwa mtu wa Marekani au Uingereza ambaye anabeba begi anaenda. Sisi Norwe ilitaka viza ya Schengen, ile moja inayokuingiza nchi nyingi za Ulaya, ada euro 90 kwa mtu na hairudi, na bima inayofika euro 30,000, na kwa kuwa meli inamalizia Uingereza ikabidi viza ya pili ya kwao, pauni mia na zaidi kila mmoja. Alama za vidole mara mbili, taarifa za benki mara mbili, barua ya duka mara mbili. Na kuna mtego ambao natamani mtu angenionya mapema, Schengen haipokei maombi kabla ya miezi sita kufikia safari, na kampuni nyingi za meli zinataka hela yote miezi kadhaa kabla ya kuondoka. Kwa hiyo sisi tulikuwa tumelipa mpaka shilingi ya mwisho na viza haijatoka. Wiki tatu sikulala. Ukinyimwa dakika hizo za mwisho, kampuni inakata karibu yote. Kwa hiyo yeyote wa hapa anayefikiria hii kitu akatafute ile safari inayoanza na kuisha nchi za viza moja, na aulize kwa maandishi kama viza ikikataliwa anarudishiwa ngapi, asiulize kwa simu.

Nisiwatie uchungu tu. Kuna siku ya Lofoten, visiwa vya huko Norwe. Basi la bure hilo hilo la maikrofoni limetupeleka penye vichanja vya mbao virefu kuliko nyumba, na kabla hatujashuka nikanusa nikamwambia Baba Salma, huu ni ng'onda! Na kweli, wanaanika samaki kwenye baridi ya mwezi wa pili mpaka wa tano, bila chumvi hata punje, upepo tu. Wazungu wenzetu wameziba pua na mimi machozi yananilenga, kwa sababu nimezaliwa Mombasa, Kibokoni, hiyo ni harufu ya jikoni kwa nyanya yangu. Mwenye maikrofoni akasema vichwa vya hao samaki vinauzwa Nigeria kwa ajili ya mchuzi. Baba Salma, ambaye haongei sana, akasema wenye akili hao.

Na siku ya Nordkapp, rasi iliyo karibu na Honningsvåg. Kule juu kuanzia katikati ya Mei mpaka mwisho wa Julai jua halizami, na sisi tulikuwa Juni. Jamani, saa yetu ya Kiswahili imetungwa na watu wa ikweta, jua likichomoza tunaanza kuhesabu moja, likizama tunaanza tena, na hapa Nairobi linazama saa kumi na mbili na nusu hivi mwaka mzima, huhitaji hata saa ya mkononi. Kule ungeanzia wapi? Baba Salma akauliza na Maghrib je? Waislamu wengine wa huko kaskazini hufuata saa za Makka, nasi tukafuata hizo, kibla ni kusini kuelekea mashariki, ila melini ile programu ya simu ilikuwa inazunguka na sisi kila nahodha akikata kona, kwenye fyodi ya Geiranger, yaani mkono wa bahari ulioingia kati ya milima, tuligeuka na mkeka mara tatu.

Usiku ule nilichemsha chai chumbani kwa majani na iliki ya kwetu, nikaomba maziwa yakaletwa mlangoni na hakuna aliyeniomba kusaini, tukaenda juu na mablanketi ya meli, Baba Salma kajifunga kikoi juu ya koti, kituko. Saa sita kamili usiku. Jua limekaa juu ya maji rangi ya papai, limeteremka mpaka pale limesimama, halafu, sijui niseme vipi, likaanza kwenda pembeni, kisha kama linapanda. Watu zaidi ya mia wamesimama na hakuna anayeongea. Mimi nikakumbuka tukiwa wadogo tunapelekwa Lighthouse, pale ufukweni Mombasa, jioni, unanunuliwa muhogo wa kukaanga na pilipili, mameli meupe yanaingia Kilindini na watu wadogo wadogo wamejipanga juu wanatupungia mkono, na mimi namuuliza baba, wale wanaenda wapi, na baba anasema wale hawaendi popote, wanazunguka tu. Nilipokuwa mtoto nilidhani ni kejeli.

Kwa hiyo kama mnataka nipige kura, mimi ni wa ndio, ila kwa anayelipa keshi. Shemeji yangu mmoja sasa anataka kukopa sako aende, nimemwambia hapana, utakaa pale juu ya maji unahesabu riba badala ya nyangumi. Na kama huna kitu kinachokuchosha cha kukikimbia, kama wewe mwezi wako ni mshahara na mambo yako yako shwari, panda ile ya dola 2,400, utapigiwa muziki na utafurahi sana tu.

Mimi mwenyewe nilishindwa kujizuia mara moja. Lerwick, huko Shetland, niliingia duka la sweta za sufu, sweta pauni 95, nikaanza kama kawaida, "mwisho ngapi?" kwa Kiingereza changu cha Eastleigh, mama wa duka akanionyesha kile kikaratasi cha bei, akidhani sijakiona. Nikampa 70. Akanionyesha tena. Baba Salma alishatoka nje zamani kwa aibu. Nikalipa 95. Mwezi wa saba huu wa baridi nalivaa dukani, wateja wanalishika mkono wananiuliza hili nalo bei gani, nawatajia elfu arobaini, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuanza chini ya elfu tano.