Muulize Nesi Mstaafu: Mashine zaja tayari, utafiti wa nini?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa sekondari, Morogoro. Kila nikisikia serikali iongeze fedha za utafiti wa vifaa tiba, najiuliza: vifaa si vinakuja tayari kutoka nje, na vinafanya kazi? Si bora zinunue glavu?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Kwa glavu sibishi. Nimewahi kuingia zamu ya usiku leba zimebaki jozi mbili. Ila unakijua kile kibanio cha kidoleni cha kupimia oksijeni? Kanuni yake aliibuni Mjapani, Takuo Aoyagi, miaka ya 1970. Taa mbili, moja nyekundu na nyingine mwanga wake hauonekani, zinapenya kidole, na mashine inakadiria oksijeni kwa mwanga uliovuka. Sasa ngozi nyeusi nayo hula mwanga. (Piko pia. Akiletwa bibi harusi tunahangaika kutafuta kidole kitupu.)

Desemba 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walilinganisha namba ya kibanio na oksijeni iliyopimwa kwenye damu ya ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni. Kwa wagonjwa ambao kibanio kiliwasoma oksijeni asilimia 92 hadi 96, damu yenyewe ilikuwa chini ya asilimia 88 katika asilimia 11.7 ya vipimo vya weusi. Kwa weupe, 3.6. Na mwongozo wa Marekani wa 2013 ulitaka kila kibanio kijaribiwe kwa watu wasiopungua 10, ambamo wenye ngozi nyeusi sana wawili walitosha. Wawili! Abiria wa bajaji wanawazidi.

Wakati wa korona tulimlaza mzee mmoja mvuvi, mweusi tii. Kibanio: 94. Lakini sentensi hamalizi, mbavu zinabonyea kila akivuta pumzi, na nilipomfunua mdomo fizi zilikuwa zambarau. Nikamfungulia oksijeni. Daktari kijana akanifokea kwamba namaliza mtungi bure, namba si hiyo hapo? Haikupita saa, mzee akaulizia chai.

Je, kibanio kilidanganya? Siwezi kuapa, maana mashine ya kupima gesi za damu, ile inayopima oksijeni kwenye damu yenyewe, hatukuwa nayo. Ndiyo fedha ninayoililia mimi, mwalimu: vijana wetu wapewe mashine hiyo, wakae wodini na wagonjwa wetu wenye rangi zetu hizi, wakipime kibanio cha kila kampuni kabla hatujaagiza makontena. Kisichofaa kirudi kilikotoka, na hela yake ndiyo ikanunue glavu.